Kubadili tarehe si kuthamini upya

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mthamini wa mali niliyestaafu. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na mingi katika hiyo nimeitumia huku Kusini, nikipanda na kushuka kati ya Masasi, mji ulioko chini penye majabali, na Newala, ulioko juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Nimepima nyumba za watu, maduka, maghala na mashamba ya mikorosho. Katika maombi yote niliyoletewa, hakuna lililorudi mara nyingi kama hili: "Mzee, ile ripoti uliyonifanyia mwaka ule, nibadilishie tarehe tu."

Mwananchi anayesema hivyo si mwizi. Mara nyingi ni mtu mwaminifu aliyekwisha kulipa mkopo wake wa kwanza na sasa anataka wa pili. Benki imemwambia kuwa ripoti yake imezeeka. Yeye anaiangalia nyumba yake, anaona kuta ni zile zile na bati ni lile lile, basi anajiuliza kwa nini alipe tena fedha nyingi ili mtu aje kumwambia jambo ambalo lilikwisha kuandikwa. Kwake yeye ripoti ni kama cheti cha kuzaliwa, ukikipata umekipata. Nia ya barua hii ni kueleza kuwa sivyo, na kwamba anayeumia kwa mchezo huu wa tarehe ni mwananchi mwenyewe.

Ndugu Mhariri, thamani ya mali haikai ukutani kama rangi. Thamani ni jibu la swali moja: je, siku fulani, mnunuzi aliye tayari na muuzaji asiyelazimishwa wangekubaliana bei gani? Neno kubwa hapo ni "siku fulani". Ndiyo maana kila ripoti ya uthamini huwa na tarehe, na tarehe hiyo si pambo. Mthamini anapoiandika anatoa ushahidi kuwa siku hiyo hali ya mali ilikuwa hivi, na soko lilikuwa hivi. Ukiifuta tarehe ukaandika nyingine, umetoa ushahidi wa siku ambayo hukuona kitu.

Nasema haya bila ya kujitia usafi, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini mfanyabiashara mmoja kutoka Newala. Nilikuwa nimemthaminia nyumba yake miaka mitatu kabla, kwa shilingi milioni 24. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia na alitaka mtaji upesi. Alikuja na ripoti yangu ya zamani imefungwa vizuri katika mfuko wa nailoni. Akaniambia, "Mzee wangu, usijisumbue kupanda mlima. Nyumba ni ile ile, hata kitasa sijabadili. Wewe ongeza kidogo, maana vitu vimepanda, kisha weka tarehe ya leo." Mvua zilikuwa zimeanza mapema, gari lilikuwa bovu, nami nilikuwa na kazi nyingine mezani. Nikaongeza asilimia kumi kwa kila mwaka, ikawa milioni 31 na laki mbili. Nikapiga mhuri. Nikachukua nusu ya ada ya kawaida, na nikajiona kuwa nimemsaidia mwananchi.

Biashara yake ilianguka. Deni halikulipwa, na nyumba ikapelekwa kwenye mnada. Dalali alipofika na wanunuzi ndipo ilipojulikana kuwa mali iliyoandikwa katika karatasi yangu haikuwa ile iliyosimama pale. Nyuma ya nyumba palikuwa na ukuta mpya. Miaka miwili kabla, ukoo ulikuwa umekaa na mjomba wao ameamua kuwa vyumba viwili vya nyuma pamoja na kisima cha maji ya mvua viwe vya dada yake mfanyabiashara, ambaye alikuwa amerudi nyumbani na watoto watano. Yule bwana hakuniambia. Pengine alisahau, pengine hakutaka. Lakini mimi ningefika pale kwa nusu saa tu ningeuona ukuta, ningemwona mama anateka maji, na ningeuliza swali moja, "Mama, na wewe unakaa hapa?"

Wasomaji wasioijua Newala huenda wasielewe uzito wa kisima. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Ardhi ni ya kichanga na mvua huzama chini kabisa. Tangu miaka ya 1950 watu wa huko wametegemea maji yanayosukumwa kwa mashine kutoka mabondeni kupitia mradi wa maji wa Makonde, na mashine zikisimama watu huhangaika. Kwa hiyo mwenye kisima cha saruji kinachopokea maji ya bati amebeba nusu ya thamani ya nyumba yake humo. Aliyenunua nyumba ile mnadani alitia kufuli kwenye kisima, kwani karatasi ilisema ni chake. Yule mama na watoto wake wakaanza kununua maji kwa ndoo.

Shauri lilifika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Niliitwa kutoa maelezo. Nikaonyeshwa ripoti yangu na kuulizwa, "Tarehe hii uliyoiandika hapa, ulikuwa Newala?" Nikajibu, "Hapana, sikuwa." Hakuna aliyenitukana. Lakini tangu siku hiyo sijabadili tarehe ya ripoti ya mtu yeyote, na ndiyo sababu ninaandika barua hii.

Sasa niwaeleze wenzangu wananchi kwa nini hesabu ya "ongeza kidogo kila mwaka" haina msingi, hasa huku kwetu. Huku bei ya nyumba hufuata korosho. Msimu wa 2017 korosho ghafi ziliuzwa minadani kwa zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, wakaezua makuti na kuezeka bati, na viwanja vya Newala na Masasi vikapanda. Msimu uliofuata, 2018, wanunuzi walitoa bei ambazo wakulima walizikataa, mpaka Serikali ikaamua mwezi Novemba kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Minada ilisimama na fedha ilikuwa ngumu. Miaka iliyofuata bei ilishuka zaidi, na ilipofika msimu wa 2024 katika minada ya Tandahimba na Newala ikapanda tena kupita shilingi 4,000. Je, ndugu msomaji, hiyo asilimia kumi ya kila mwaka inakaa wapi hapo? Aliyethaminiwa mwanzoni mwa 2018 akabadilishiwa tarehe mwaka mmoja baadaye, kwa kuongezewa juu, alikopeshwa kwa dhamana ambayo soko halikuwa nayo. Na anayeletewa ripoti ya mwaka mbaya katika mwaka mzuri anadhulumiwa kwa upande wa pili.

Isitoshe, mambo mengine yanayobadili thamani hayamo ndani ya nyumba hata kidogo. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma lilifunguliwa mwaka 2010. Kisha lami kutoka Masasi kupitia Mangaka na Tunduru ikaunganishwa hadi Songea. Viwanja vya kando ya barabara hiyo havikuongezewa hata tofali moja, lakini si vile vya zamani. Hivi sasa watu wa Tandahimba na Newala wana barabara yao ya kilomita 160 kutoka Mnivata hadi Masasi, inayogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara kama hiyo humpandishia huyu na humshushia yule, kwani duka lililokuwa kwenye njia ya zamani laweza kujikuta nyuma ya migongo ya watu. Mthamini asiyetoka ofisini atayajuaje?

Hata sheria nayo hubadilika. Mzee mmoja wa Masasi aliwahi kuniletea karatasi ya uthamini ya miaka ya 1990 akitaka tu "ipandishwe". Niliisoma nikamwonyesha kuwa walihesabu nyumba, choo na miembe, lakini ardhi yenyewe haikuhesabiwa. Hawakumwonea. Wakati ule sheria ya ardhi tuliyorithi kwa wakoloni, ya mwaka 1923, haikuipa ardhi tupu bei, ila maendelezo yaliyo juu yake tu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ndiyo iliyotamka kuwa ardhi ina thamani, na Sheria ya Ardhi pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kama ningeipandisha karatasi yake kwa asilimia, ningeizidisha sifuri. Sifuri ukiizidisha mara mia hubaki sifuri. Ilibidi tuanze upya, na tulipoanza upya mzee aliona kuwa kiwanja chake kilizidi nyumba kwa thamani.

Ndugu Mhariri, mpaka hapa nimezungumzia mteja anayetaka kubadilishiwa tarehe wakati haifai. Lakini upo upande wa pili, wa mtu ambaye anayo haki kamili ya kuthaminiwa upya na hapewi. Huyu ni mwananchi anayesubiri fidia.

Mwaka mmoja nilikuwa katika kundi la kuthamini mashamba na nyumba zitakazopisha mradi wa umma. Sitautaja, ila si barabara niliyoieleza hapo juu. Tulimkuta bibi mmoja mwenye mikorosho michanga kumi na miwili. Kwenye fidia miti huhesabiwa kwa aina na kwa hatua ya ukuaji. Mche haulipwi sawa na mti unaozaa. Tukaandika kuwa ni michanga, na hiyo ilikuwa kweli. Bibi akaweka dole gumba. Akaambiwa asijenge wala asiendeleze, atalipwa karibuni.

Nilipita tena kijijini hapo kwa shughuli nyingine baada ya zaidi ya miaka miwili. Bibi alikuwa hajalipwa. Alinitambua. Akanishika mkono mpaka shambani, na miti ile ilikuwa imefunga maua na mabibo ya kwanza yananing'inia. Akaniambia, "Mwanangu, mikorosho yangu imekua. Hiyo karatasi yako yenyewe haikui?"

Nilikosa la kumjibu kwa upesi, ingawa jibu lipo katika sheria. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Namba 7 ya mwaka 2016 inasema kuwa uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili tangu ulipoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba huanza kuhesabiwa kwa faida ya mwenye mali. Miaka miwili ikiisha bila malipo, uthamini ule umekufa na ni lazima ufanywe mwingine. Kwa hiyo karatasi ya bibi haikui, ni kweli, lakini hufa, na ikifa hana wajibu wa kupokea malipo yake. Bibi hakuijua sheria hiyo. Niliwauliza viongozi wawili wa kijiji, nao hawakuijua. Nilimwandikia barua ya kuomba uthamini mpya, mwenyekiti akapiga mhuri, na mwishowe kundi jingine lilikuja na likaihesabu miti kama inayozaa. Najiuliza ni bibi wangapi wasiopitiwa njiani na mthamini.

Nisieleweke vibaya. Wapo wenzetu wachache ambao wakisikia mradi unakuja hukimbilia kupanda miche usiku na kuinua vibanda vya miti ili wahesabiwe. Sheria haiwalipi kwa maendelezo yaliyofanywa baada ya kutangaziwa kuwa eneo linachukuliwa, na huo si uungwana, kwani fedha hizo ni za wananchi. Lakini kukua kwa mti uliokuwapo si hila. Ni kazi ya Mungu na ya jembe la bibi.

Baada ya kueleza hayo, ningependa kutoa ushauri kwa kila anayehusika.

Kwanza, kwa wananchi wenye mikopo. Unapokwenda kwa mthamini na ripoti ya zamani, usimwambie abadili tarehe. Mwambie unataka uthamini mpya, na umpe ile ya zamani imsaidie. Vipimo vya nyumba, ramani na namba ya hati vikiwa tayari kazi hupungua, na una haki ya kuuliza kama ada nayo itapungua. Mweleze mapema yote yaliyobadilika: chumba ulichoongeza, kipande ulichompa ndugu, mpangaji aliyeingia, ufa uliotokea. Kama una mke au mume, ajue. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Wala usimwulize mthamini kabla hajatoka ofisini, "Itafika ngapi?" Anayekutajia bei kabla ya kuona anakuuzia karatasi.

Pili, kwa mabenki. Yapo yanayomwagiza mteja akalete "barua fupi ya kuthibitisha kuwa thamani bado ni ile ile". Barua hiyo fupi ni uthamini kamili uliovaa kaptula. Mthamini hawezi kusema bado ni ile ile mpaka aende akatazame, na akienda akatazama amekwisha kufanya kazi yote. Hali kadhalika, ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya benki moja isibandikwe jina la benki nyingine. Aliyeagiza kwanza ana haki zake, na benki mpya nayo inastahili kazi yake.

Tatu, kwa wathamini wenzangu, hasa vijana. Najua ushindani ulivyo. Najua kuwa ukimkatalia mteja atasema fulani wa mtaa wa pili amekubali. Basi usimfukuze kwa maneno makali. Mkalishe, mweleze kama nilivyoeleza hapa, kisha panda gari uende. Ukifika ukakuta thamani ni ile ile, iandike bila haya, kwani namba isiyobadilika si aibu ikiwa umeitafuta. Ukikuta imeshuka, iandike vilevile. Na kama kuna sehemu hukuingia kwa sababu mlango ulifungwa, sema hukuingia. Mhuri wako haukukatwa uwe msumari wa kugongea kila ubao.

Nne, kwa Halmashauri zetu za Masasi na Newala, na nyinginezo nchini. Uthamini wa fidia unapoidhinishwa, tarehe ya kuidhinishwa na tarehe ya kumalizika kwa ile miaka miwili zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kwa maandishi makubwa, na zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji karatasi moja, kalamu ya wino mzito na mtendaji anayejali. Mwananchi akiijua tarehe hatadanganywa, na taasisi inayodaiwa nayo itajua kuwa watu wanahesabu siku.

Tano, kwa taasisi zinazochukua ardhi. Ukithamini kabla hujawa na fedha, unamfunga mtu mikono. Hawezi kujenga, hawezi kupanda, hawezi kukopa, na maisha yake yanasubiri bajeti. Sheria ya Ardhi imesema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Fedha zitafutwe kwanza, mthamini aitwe baadaye.

Yule mama wa Newala mwishowe alirudishiwa kisima chake, lakini baada ya misimu miwili ya kununua maji. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha mkekani, akaagiza mtoto aniletee maji ya kunywa kutoka kisima kile kile, akaniambia, "Baba, siku ile ungekuja tu." Hakuongeza neno.

Ni matumaini yangu kuwa wahusika watayasoma haya, na kwamba kijana mmoja mwenye mhuri atakayeombwa kesho abadili tarehe ataweka kalamu chini na kuchukua utepe wa kupimia.

Wako katika kazi,
MTHAMINI MSTAAFU,
Masasi.